Mwamba Uliofagiwa

Mimi nikisema jambo limekwisha, limekwisha. Wauza nafaka wa Malaba wananijua hivyo, madereva wa malori wananijua hivyo, na hata maajenti wa forodha, watu wenye haraka kuliko wote duniani, wakiniona nakuja hunipisha. Kwa hiyo niliposimama mbele ya waumini wenzangu nikatangaza kwamba tumepata kiwanja cha kanisa jipya kule Molo, na kwamba kiwanja chenyewe ni mwamba mtupu uliotandazwa na Mungu kwa mkono wake, hakuna aliyeuliza swali. Walipiga makofi. Mama mmoja alilia. Nami nikaketi, nikatengeneza kitambaa changu cha kichwa, nikajisikia vizuri sana.

Jina langu ni Winfred, ila watu huniita Mama Becky. Nina stoo ya nafaka upande wa Kenya, karibu na foleni ya malori.

Wazo la kanisa halikuwa langu, lazima niseme ukweli. Lilikuwa la Achola. Huyu ni mkulima wa Molo, ng'ambo, upande wa Uganda, mwanamke wa kabila la Wadhola, mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na kila wiki huniletea muhogo mkavu. Muhogo nanunua kwa watu wengi, lakini wa Achola ni mweupe, unavunjika kwa mlio safi, na ukiusaga huwezi kukuta chembe ya mchanga kwenye ugali. Wateja wangu wa Busia huuita kwa jina lake. Nimeununua miaka mingi bila kujiuliza unakaukia wapi. Nani huuliza? Muhogo ukishakauka umekauka.

Siku moja alipomaliza kushusha magunia hakuondoka. Aliketi juu ya gunia mojawapo, akajifuta uso kwa kanga.

"Mama Becky, ule mama-mkwe yangu, Akwi, miguu yake sasa nakataa," akasema. "Kanisa yenye tunaendaga iko mbali, huko kwa barabara kubwa. Hawezi fika. Siku mingi sana hajakaa na watu kusali. Nyinyi Wakenya iko na kanisa hapa, nakua tu kila siku. Hamuwezi leta moja kwetu? Ndogo tu. Yenye mama anaweza fika kwa miguu yake mwenyewe."

Hilo tu ndilo aliloomba: kanisa ambalo Akwi anaweza kulifikia kwa miguu yake. Neno hilo lilinishika. Nina mama mzee mimi pia, na najua mtu aliyezoea kuimba na wenzake akibaki nyumbani Jumapili anavyoonekana. Jioni ile ile nikampelekea Pasta Clifford habari.

Pasta Clifford ni kijana mwema. Viatu vyake unaweza kujitazamia, na mipango haimwishi kichwani. Kabla sijamaliza kusimulia alikuwa amekwisha chora kanisa lenye mnara. Tukaunda kamati ya ujenzi, na uenyekiti ukaniangukia mimi. Sikuugombea. Sikuukataa pia.

Sasa sikiliza jinsi kamati yetu ilivyokuwa, maana mambo yote yalitokea hapo. Sote ni watu wa mpakani. Jumatatu hadi Jumamosi hatuna nafasi ya kujikuna: lori limefika, mteja amefika, mvua imefika na magunia yako nje. Siku ya kupumua ni Jumapili, baada ya ibada. Kwa hiyo Molo tulikwenda Jumapili. Tukarudi Jumapili nyingine. Na nyingine tena. Hatukuona ubaya wowote. Kazi ya Mungu tunaifanya siku ya Mungu, kuna nini hapo?

Siku ya kwanza mume wa Achola, Odoi, alitupokea kwa kuku na heshima zote. Odoi ni mtoto wa kwanza wa Akwi na ndiye mwenye shamba. Alitutembeza bondeni kwanza, karibu na kinamasi, akatuonyesha kipande chenye nyasi ndefu. Miguu yetu ilizama mpaka kwenye vifundo. Fundi wetu Emoit, Mteso asiyependa maneno mengi, alichovya fimbo kwenye matope, akaichomoa, akamwonyesha Pasta. Tukarudi juu.

Nyuma ya nyumba ya Akwi ndipo Emoit alipopiga kelele. Mbele yetu ulilala mwamba, bapa, mpana kama uwanja wa shule, hauna ufa wala jani juu yake. Ulikuwa safi ajabu. Pembeni, juu ya mkeka, alikuwa ameketi Akwi mwenyewe, amevaa gomesi, lile gauni refu la Uganda, nyeupe iliyopigwa pasi, mikono imelala mapajani. Tulimwamkia kwa zamu, tukamwambia tumekuja kumtafutia kanisa, akaitikia kwa kichwa.

"Hii jiwe?" Odoi akasema alipoona macho yetu. "Hii hapana lima. Jembe nakataa kabisa. Tangu baba yangu, iko tu hapa." Akanyoosha mgongo, maana majirani walikuwa wamekusanyika kututazama. "Kama nyinyi naitaka, chukua. Mimi, Odoi, napatia Mungu."

Pasta Clifford alipiga magoti pale pale na viatu vyake vyote. Akatukumbusha yule mtu mwenye akili aliyejenga nyumba juu ya mwamba, mvua ikanyesha na isianguke. Emoit alipigapiga mwamba kwa kisigino na kusema msingi wa kuchimba hatuhitaji. Na kutoka mlango wa Akwi mpaka pale, hata mwenye miguu mibovu angefika kabla hujamaliza kumwamkia. Mtu angetaka ishara gani zaidi?

Nilimtafuta Achola kwa macho. Alikuwa nyuma ya majirani, ameshika sinia la vikombe. Aliutazama mwamba, akanitazama mimi, akatabasamu. "Asante, Mama Becky," akasema, sauti ndogo isiyokuwa yake. Nikajua ni furaha imemzidi. Mimi nasoma watu vizuri sana.

Baada ya hapo tulikwenda Jumapili baada ya Jumapili, na kamba ya kupimia. Tulipima urefu, tukapima upana, tukabishana mlango utazame wapi. Kila tulipofika mwamba ulikuwa safi vile vile, na Akwi yuko pale pale kwenye mkeka wake. Tulimpita huku na huku na kamba yetu, tukiitana kwa sauti kama wapakiaji.

"Pasta," nilimwambia siku moja, "umeona hata majani hayaanguki hapa?"

"Malaika wanafagia, Mama Becky," akajibu, tukacheka, tukamshukuru Mungu. Kanisa tukalipa jina: Kanisa la Mwamba.

Waliosema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake walituona sisi. Kitanda chenyewe hatujakilalia, na tayari tunagawana mito.

Basi ikafika Jumatano moja. Emoit alikuwa amekwenda Molo peke yake na vigingi na chokaa, aweke alama za kuta. Mimi niko stooni nasimamia magunia, simu ikalia.

"Mama Becky," akasema Emoit, "kiwanja imejaa."

"Imejaa nini? Watu?"

"Muhogo."

Nilidhani kuna mtu ametuvamia. Damu ilinipanda. Nilifunga stoo katikati ya siku, jambo ambalo majirani zangu hulisimulia mpaka leo, nikamtoa Pasta Clifford kwenye mazoezi ya kwaya, tukapanda bodaboda mbili, haoo tukavuka mpaka. Njiani nilikuwa napanga maneno. Yalikuwa maneno makali na mazuri.

Yote yaliniishia mdomoni. Mwamba wote ulikuwa mweupe. Muhogo uliomenywa umeanikwa kutoka ukingo hadi ukingo, na upande wa pili nafaka nyekundu ya wimbi na mtama, kila nyumba na sehemu yake, mipaka imewekwa kwa mistari ya vijiwe. Wanawake walikuwa wameinama wanageuza vipande kwa mikono, wanaongea na kucheka. Emoit amesimama kando na vigingi vyake kwapani, hajui pa kuweka mguu. Na katikati ya weupe ule alikuwa Achola.

"Mama Becky!" akaruka. "Leo hapana Jumapili."

"Najua leo si Jumapili. Hii ni nini?"

"Muhogo."

"Naona ni muhogo. Unafanya nini kanisani?"

 Achola alinitazama, kisha, Mungu amsamehe, akaanza kucheka. "Kanisa bado," akasema. "Leo ni jiwe."

Akanieleza, huku anageuza muhogo wake kana kwamba nilikuja kununua. Mwamba ule ndio anika, yaani mahali pa kuanikia, ya nyumba zote za upande ule, tangu nyanya yake Odoi alipoolewa pale. Ukianika chini, udongo unaingia, mchanga unaingia, kuku wanaingia. "Hapa jua nagonga juu, jiwe nagonga chini," akasema. "Ndiyo maana muhogo yetu nakuwa nyeupe. Ndiyo maana wewe naipenda."

Uso ulinichoma. Ule muhogo usio na mchanga, uliojaza stoo yangu na kunipa jina kule Busia, ulitoka chini ya miguu yangu. Na mimi nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya kuufunika kwa saruji.

Nikikosea, jambo la kwanza ninalofanya ni kukasirika. "Kwa nini hukuniambia?" nikamfokea. "Umekuja stooni kwangu kila wiki! Mdomo unao!"

Achola alisimama wima. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Mume wangu, Baba Loy, alisimama mbele ya wageni akasema chukua," akajibu. "Mimi mke wake niseme nini, mbele ya wageni? Nimvunje? Halafu, kanisa ni mimi niliomba. Ni mimi nilikuja kwako. Nikasema, labda hii ndiyo bei yake. Mtu akiomba kitu ya Mungu, atoe." Akainama, akaokota kipande cha muhogo, akakigeuza mkononi. "Na tena, Mama Becky, wewe ndiye unanunua hii muhogo. Nilifikiri unajua inakaukia wapi."

 Nilisikia huzuni ya wazi wazi, huzuni ya mtu aliyempenda mwenzake kwa mali yake na asimwulize habari zake. Kuuliza si ujinga, wazee wamesema. Hawakusema kutouliza ni nini, lakini nilikuwa nimekwisha jua.

"Mngeanika wapi?" nikauliza.

"Kando ya barabara. Na malori."

Odoi alikuwa amesikia kelele, akaja kutoka shambani na jembe begani. Pasta Clifford akamweleza taratibu. Odoi alishangaa kwa dhati. Si mtu mbaya yule.

"Lakini hii jiwe hapana lima," akasema. "Nilipatia Mungu kitu yenye iko bure."

Pasta, ambaye mnara wake ulikuwa bado unamwita, akajaribu mlango mwingine. "Ndugu zangu, tusivunjike moyo. Hata hekalu la Yerusalemu lilijengwa mahali watu walipokuwa wakipura nafaka. Mfalme Daudi alipaona, akapachukua kwa ajili ya madhabahu. Kwa hiyo katika Maandiko—"

"Na mwenye kiwanja," Achola akamkata, "huyo mfalme alimuuliza? Ama alikuja na kamba Jumapili?"

  Pasta Clifford ni mtu mkweli, na hiyo ndiyo sababu nampenda. "Alimwuliza," akasema polepole. "Mwenyewe akataka kumpa bure, mfalme akakataa. Alisema hawezi kumtolea Mungu kitu ambacho hakikumgharimu."

Hapo hasira yangu ilipata mahali pazuri pa kwenda. Nikamgeukia Odoi. "Umesikia, Baba Loy? Sasa wewe umetoa nini? Wewe umetoa cha mke wako!"

"Jiwe iko kwa shamba yangu," Odoi akasema, amekunja uso.

"Na ugali uliokula jana? Ulikaukia kwa shamba ya nani?"

Aliutazama mwamba. Aliutazama kwa muda, muhogo, wimbi, mistari ya vijiwe, kama mtu anayeonyeshwa nyumba yake na wageni. Nadhani alikuwa amepita pale kila siku ya maisha yake bila kuona. Wanawake walikohoa, wengine wakajifunika mdomo kwa kanga.

"Basi," akasema mwisho, "chukua ile ya kinamasi."

"Mama hatafika kule," Achola akasema.

Tukabaki tumekwama. Tukijenga juu ya mwamba, wanawake wanapoteza anika. Tukijenga bondeni, Akwi anapoteza kanisa, na kanisa liliombwa kwa ajili yake. Kulikuwa na kipande kimoja tu kingine, na sote tulikiona kwa wakati mmoja: kando ya mwamba, karibu vile vile na mlango wa Akwi, shamba la mtama la Odoi, udongo mweusi, masuke yameanza kuinama.  

Odoi aliyaona macho yetu. "Hiyo hapana," akasema.

Ndipo upepo ukabadilika.

Mtu wa Molo hahitaji kuambiwa. Upande wa Mlima Elgon anga lilikuwa jeusi, na harufu ya mvua ikatangulia. Achola alipiga yowe moja, wanawake wakaanguka wote juu ya mwamba kama waliosukumwa. Kule kwao ipo sheria ambayo haijaandikwa popote: mvua ikikaribia na kitu cha mwenzako kiko juani, unaanua. Uwe mgeni, uwe na haraka, uwe na ugomvi naye, unaanua. Nilimwona Florence, jirani ambaye hakusemezana na nyumba ya Odoi tangu ng'ombe wao walipokula njugu zake, akija mbio na gunia tupu, akakusanya muhogo wa Achola bila kumtazama, akaubeba, akarudi akachukua mwingine.

Nilifunga kanga kiunoni nikainama na mimi. Pasta Clifford alivua koti lake akalitandika, akalijaza muhogo mpaka likafanana na ng'ombe mwenye mimba. Emoit alitupa vigingi. Odoi alisimama kidogo, kwa sababu kuanua kwao ni kazi ya wanawake, kisha jembe likaanguka na yeye akaingia na ungo.

Lakini kupeleka wapi? Nyumba ya Achola na za wenzake zilikuwa mbali, ng'ambo ya mashamba. Ya karibu ilikuwa moja, ya Akwi, nyumba ndogo ya chumba kimoja. Tuliingiza muhogo. Tukaingiza wimbi. Tukajaza kitanda, tukajaza chini ya kitanda, tukajaza mpaka mlangoni, na mvua ikatushukia nusu ya mali ikiwa bado juu ya mwamba. Ule tuliouacha ulilowa wote. Tulisimama chini ya ukingo wa paa, tumebanana, tukautazama unavyoelea.

Ndipo Odoi akasema, "Mama yuko wapi?"

Akwi alikuwa nje. Alikuwa ametoka ili muhogo upate nafasi. Alisimama kwenye mvua na fimbo yake, ukutani upande ule usio na paa, gomesi imemshika mwili, na alikuwa anatuhesabia kwa kidole magunia yaliyokwisha ingia, ameridhika kabisa.

"Mama!" Odoi akapaza sauti.

"Mimi siharibiki na maji," Akwi akajibu kwa Kiswahili chake cha soko la Malaba. "Muhogo naharibika."

Odoi alimshika mkono akamwingiza katikati yetu.  Mvua ilipopungua kuwa manyunyu alitoka peke yake, akaenda akasimama kwenye mtama wake. Alishika suke moja, akalipima uzito kiganjani. Mimi nilijua anachofikiri, kwa sababu mtama ule ningeununua mimi, ulikuwa mzuri sana.

"Emoit," akaita, bila kugeuka. "Leta ile kamba yenu. Hapana leo. Wacha nivune kwanza. Nikivuna, mpime hapa."

Achola alijishika mdomo. Halafu akapiga kigelegele kilichowashtua hata kuku, na Florence, aliyeapa kutosemezana na nyumba ile, akakidaka akakipeleka mbele.

Kanisa tulilipanga upya siku ile ile, tukiwa tumelowa, tumesimama mbele ya mlango uliojaa muhogo. Nilisema paa ndilo litangulie, kabla ya ukuta, kabla ya madhabahu, kabla ya kitu kingine chochote. Liwe pana, ukingo wake uufikie mwamba kabisa, ili mvua ikija mtu asikimbie zaidi ya hatua chache. Siku za wiki liwe la muhogo, Jumapili liwe la watu. Nilimtazama Pasta nikitarajia vita kuhusu mnara. Alikuwa anakung'uta koti lake.

"Mnara hauanui muhogo," akasema mwenyewe. Tangu siku hiyo nikaanza kumwita mchungaji kwa moyo wote.

Na likajengwa. Odoi alivuna, Emoit akapima, nguzo zikasimama, mabati yakapanda. Wanaume walioahidi kuja walikuja, na wale ambao hawakuahidi waliletwa na wake zao. Kabla hata hatujaliweka wakfu, mvua mbili zilikuwa zimekwisha kuja na muhogo wa Molo ukaingia kanisani mara mbili, mkavu. Jina hatukubadilisha. Mwamba uko pale pale, kila mtu anauona.

Jumamosi kabla ya ibada ya kwanza nilikwenda mchana kupanga viti. Jua lilikuwa bado kali, jua la kukausha chochote, lakini nikawakuta Achola na wenzake wanaanua. Walipomaliza wakachukua mifagio, wakaufagia mwamba, wote, kutoka ukingo hadi ukingo, mpaka ukabaki safi kama nilivyouona siku ya kwanza.

"Mbona mnaanua na jua bado lipo?" nikauliza.

"Kesho ni Jumapili," Achola akasema.

"Lakini kanisa sasa ni lile."

Alinitazama kama mtu asiyenielewa. "Sisi nafagia kila Jumamosi, Mama Becky. Tangu zamani, mbele ya nyinyi kukuja. Jumapili hakuna mtu naanika. Jumapili jiwe ni ya Mungu."

Nikakumbuka malaika wa Pasta Clifford. Niliketi kwenye mojawapo ya viti vyangu. Tulikuwa tumekuja kuwaomba wampe Mungu mwamba ambao walimpa kila wiki kwa mikono yao, na tukaudhania ni kiwanja kitupu.

Jumapili watu walifurika. Kutoka Malaba, kutoka Busia, kutoka mashamba yote ya jirani. Mbele kabisa, chini ya paa, tulimwekea Akwi kiti chenye mto, na kando yake kiti cha mwenyekiti wa kamati, yaani mimi. Tulisimama kumngoja. Mlango wake ulifunguka, akatoka na fimbo yake, gomesi nyeupe, mkeka kwapani, akaja kwa miguu yake mwenyewe, na Achola alikuwa anamtazama kila hatua, machozi yakimtoka bila kuyafuta.

Akwi alilifikia paa. Akalitazama. Akalipita. Alikwenda mpaka ukingoni mwa mwamba, akatandika mkeka wake mahali pale pale tulipomkuta siku zote, akaketi.

Pasta Clifford alimfuata kwa adabu. "Mama, kanisa liko huku."

"Naona," Akwi akasema. "Nyumba nzuri. Mabati nzuri. Lakini mimi nasali hapa. Tangu miguu ilikataa, kila Jumapili mimi nasali hapa. Nyinyi mlikuwa mnakuja na kamba yenu, mnapita mbele yangu, mnapiga kelele. Mimi naanza sala, mnaikata. Naanza tena, mnaikata." Akatuangalia sote, mmoja mmoja, akanifikia mimi. "Leo naona mmekuja bila kamba. Vizuri."

 Halafu Odoi akacheka, kisha wote, na Pasta Clifford zaidi ya wote, akainama akavua vile viatu vyake vya kujitazamia.

Mimi niliondoka kwenye kiti changu cha mbele. Niliutembea mwamba ule uliofagiwa, na safari hii niliutembea taratibu, nikaenda nikasimama mbele ya mama yule. Nyuma yangu nilisikia viti vinasukumwa na watu wanakuja. Paa letu jipya lilibaki tupu, linangoja mvua.

"Naomba nafasi, Mama," nikasema.

Akwi akasogea, akanipisha kwenye mkeka.